Mume wangu anagombea wadi, na mfuko ni wangu

Assalamu alaikum Bi Somo,

Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi. Huku Leeds ni saa tatu asubuhi, Likoni ni saa tano, watoto wako shule. Najua nikijilaza na jambo hili kifuani usingizi hautakuja, ndiyo nikaona bora niliandike.

Nina miaka 38, Likoni nimezaliwa na Likoni nimeolewa. Tuna watoto wawili, binti wa miaka 13 aliye Gredi ya 8 na mvulana wa miaka minane. Mume wangu alikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mwaka 2019 ilipotoka amri kwamba mizigo ya bara ipandishwe treni ya SGR ikatolewe Nairobi, kampuni ilianza kupunguza watu na yeye akawa mmoja wao. Aliandamana na wenzake mjini, akirudi jioni sauti imemkauka. Mizigo iliporudishiwa Mombasa, Septemba 2022, kampuni ile ilikuwa imeshafunga. Tukaishi kwa mahamri na viazi karai nilivyouza kibarazani. Nikasomea kazi ya kuhudumia wazee, na mwezi wa tano 2024 nikaja Uingereza. Miezi miwili kabla yangu, Machi 2024, walikuwa wamefunga njia: sisi wa kazi hii haturuhusiwi tena kuja na mume wala watoto. Nilipanda ndege nikilijua hilo. Nililia mpaka Addis Ababa.

Mshahara wangu naugawa mafungu matatu. La kwanza ni chakula na shule ya watoto, ambao wako na baba yao na bibi yao mzaa baba. La pili ni dawa za presha za mama yangu, Kisauni. La tatu ni kiwanja. Nyumba tunayokaa ni ya marehemu baba mkwe, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine, tunailipia kodi kila mwezi. Mwenyewe alishafariki, na warithi wake wanazungumza kuuza. Tukakubaliana tununue kiwanja chetu Ng'ombeni, ng'ambo ya mpaka wa Kwale, tulipe kidogo kidogo. Pesa nilikuwa namtumia mume wangu, yeye anampelekea muuzaji.

Sasa sikiliza. Mume wangu ni mtu wa watu. Bomba la mtaa lilipokatika wiki tano, yeye ndiye aliyekusanya saini nyumba hadi nyumba akazipeleka kaunti hadi maji yakarudi. Vijana wa maskani wanamsikiliza. Watu wakaanza kumwambia asimame uwakilishi wa wadi 2027, na mimi nilikuwa wa kwanza kufurahi. Nilimwambia kwa mdomo wangu, "Simama, baba watoto, una moyo huo."

Februari muuzaji wa kiwanja akanipigia mwenyewe. Miezi minne hajaona senti. Nilipomuuliza mume wangu akasema amezizungusha kidogo, atazirudisha. Nimehesabu: shilingi 340,000. Zimekuwa jezi za timu mbili, turubai na viti vya matanga, basi la kupeleka kina mama harusini Ukunda, michango isiyokwisha. Anasema hizo ni mbegu, na kwamba mtu akigombea mikono mitupu anachekwa.

Hilo la pesa lingeniuma peke yake nikavumilia. Lakini wiki iliyopita binti yangu alinitumia ujumbe wa sauti, anaongea chini kwa chini kama anayejificha: "Mama, watu wako sebuleni mpaka saa sita. Mimi na Bibi tunawapikia chai. Leo sijafanya kazi ya shule." Mdogo wake analala kitandani kwa bibi kwa sababu chumba chake kimejaa mabango. Na kwenye mabango hayo nimo na mimi, picha yangu ya Idi. Watu nisiowajua wananiandikia: "Mama Mheshimiwa, mwanangu amerudishwa nyumbani kwa karo." "Mama Mheshimiwa, tumefiwa." Mtaani wanasema mgombea huyu ana mke Ulaya, pesa ipo. Bi Somo, mimi nawageuza wazee usiku mzima mgongo unawaka moto.

Mama yangu hataki hata kulisikia neno siasa. Mwaka 1997, vita vya Likoni, tulitoka usiku na nguo tulizovaa, mimi nikiwa na miaka kumi. Anasema nidai talaka na watoto waende kwake. Mama mkwe naye anasema mke mwema humpandisha mumewe, na kwamba pesa za mke ni za nyumba, na mwenye nyumba ni mume. Wenzangu wa Mombasa walioko huku wananitia hofu nyingine, kwamba akipata kiti ataongeza mke.

Sitaki kumvunja moyo. Hajawahi kunipiga wala kunitukana, na naamini angekuwa mwakilishi mzuri kuliko wengi tuliowaona. Je, nikate pesa? Nichukue likizo nirudi nikasimame naye jukwaani? Nimesikia walio nje sasa wanapiga kura, angalau nimpe kura yangu? Naogopa kuipoteza ndoa, na naogopa kuwapoteza watoto nikiwa ninawatafutia.

Mama wa Wawili, Leeds

---

Wa alaikumu salaam, mwanangu.

Nianze na binti yako, kwa kuwa katika barua nzima yeye ndiye ambaye hakuna mkubwa aliyemsemea. Msichana wa miaka 13 hapikii chai wanaume wageni saa sita za usiku. Hilo halingojei uchaguzi wala likizo yako wala kiwanja. Leo hii, ukishaamka, mpigie mume wako na umwambie hilo peke yake. Usilichanganye na zile 340,000, kwa sababu ukilichanganya atajibu la pesa na la mtoto litapita. Mwambie sebule ifungwe kwa wageni baada ya swala ya Isha, na chumba cha mvulana kirudi kuwa chumba. Likoni haina uhaba wa vibaraza. Kama wapambe wake hawawezi kukaa nje au kuchanga kodi ya chumba kimoja wakapanga mambo yao huko, basi ajue mapema wamefuata nini.

Piga hesabu nyingine naye. Binti akiwa Gredi ya 8 mwaka huu, mwaka 2027 atakuwa Gredi ya 9, mwaka wa mtihani wa KJSEA unaoamua atakwenda sekondari ya juu ya namna gani. Uchaguzi ni Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027. Kampeni na mtihani wa mtoto vitaangukia mwaka mmoja, nyumba moja. Baba anayeliona hilo atapata pa kuanzia. Na mama mkwe wako, ingawa kuhusu pesa mnapishana, kuhusu hili nadhani utamkuta upande wako. Naye ndiye anayekesha jikoni kwa umri wake. Zungumza naye kama mtu aliyechoka, usizungumze naye kama mpinzani.

Sasa pesa. Mama mkwe amekosea, na nalisema bila kumvunjia heshima. Katika dini yetu alichochuma mwanamke ni chake. Suratu Nisaa, aya ya 32, imelitaja wazi fungu la wanaume katika walichochuma na fungu la wanawake katika walichochuma. Kula, kuvaa na makazi ya mke na watoto ni juu ya mume. Wewe unayoyabeba leo unayabeba kwa hisani na kwa mapenzi, kwa sababu bandari ilimnyang'anya yeye kazi. Lakini usimrushie aya kama jiwe. Mwanamume aliyepoteza kazi 2019 na tangu hapo anakula kwa jasho la mkewe tayari ana kidonda, na nafikiri ndani ya kidonda hicho ndimo siasa yake ilimopata nguvu. Wadi imempa tena mahali pa kuwa mtu.

Namwonea huruma kwa hilo. Hata hivyo alichofanya kina jina. Ulimpa pesa za kiwanja akazifanyia jambo lingine kimyakimya miezi minne. Hiyo ni amana iliyovunjwa. Neno "nimezizungusha" usilipokee. Mtake yeye mwenyewe ampigie muuzaji, aombe muda, aweke kwa maandishi atakavyozirudisha. Wewe kuanzia mwezi huu mlipe muuzaji moja kwa moja, karo ipitie paybill ya shule, dawa za mama zako unazijua. Na kabla ya shilingi nyingine kwenda Ng'ombeni, wakili afanye upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, na mkataba uandikwe kwa majina yenu wawili. Mtu aliyeishi miaka yote juu ya ardhi ya mwenzake anajua kwa nini nasema hivi.

Nitakusimulia jambo la kwetu. Mwaka 2002 kaka yangu aligombea udiwani, enzi zile kabla ya kaunti. Alikuwa mtu mzuri, kama huyu wako. Mama alikuwa na mikufu miwili na bangili alizozipata kwa mahari yake. Kaka hakumwomba. Alikuwa anakaa tu karibu naye jioni akisema jinsi mambo yalivyo magumu, mgombea mwingine kaleta hiki, mwingine kaleta kile. Mama akazitoa, moja baada ya moja, kwa mkono wake, akimwombea dua. Kaka alishindwa. Kushindwa kulipita, watu hushindwa. Kisichopita ni kwamba mama hakutaka kuzitoa na hakuwahi kulisema. Miaka yote iliyofuata, kaka akiingia ndani, mama alikuwa akigusa shingo yake bila kujijua. Kaka aliona. Akapunguza kuja. Tulimzika mama na neno hilo halijasemwa kati yao, na kaka mpaka leo, mzee wa miaka zaidi ya sabini, akikaa nami huniuliza: "Kwani mama angeniambia hapana, mimi ningefanya nini?" Angeng'aka siku mbili akarudi kula.

Kwa hiyo sikwambii kata pesa, wala sikwambii toa. Nakwambia sema. Ulipomwambia "simama, una moyo huo," uliyamaanisha. Sasa yamalizie maneno yako. Mwambie ni kiasi gani kutoka mfukoni mwako kitaingia kwenye kampeni, baada ya yale mafungu matatu kutimia, mara moja tu, kama zawadi yako kwake ambayo hutaidai. Ikiwa ni shilingi 20,000, itaje. Ikiwa hakuna, sema hakuna. Lisemwe kwa sauti yako, akiwa anakuona uso kwenye simu, na lisemwe sasa kabla kura za mchujo hazijawatia watu wazimu.

Atakujibu kwamba bila pesa hakuna siasa. Mwulize pesa hiyo yenda wapi. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi ilitoza wagombea wa wadi shilingi 5,000, na nusu yake kwa wanawake, vijana na walemavu. Mgombea huru anatakiwa awe na wapiga kura 500 wa wadi hiyohiyo waliomuunga mkono, na asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Mtu aliyetembea nyumba hadi nyumba akakusanya saini za bomba anaweza kukusanya 500. Yanayokula pesa ni haya mengine, turubai na jezi na mabasi, na hapo awe mwangalifu, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamhesabia kosa mgombea anayewalisha au kuwapa watu kitu ili wamchague. Tumelizoea mpaka tunaliita ukarimu. Mimi linaniudhi sana, kwa sababu ndilo linalowafungia nje watu kama mumeo, na ndilo linalowafanya wanaopita waingie bungeni pale wakiwaza kurudisha walichokula watu.

Tena mwulize anawaahidi nini. Bunge la Kaunti ya Mombasa lina wawakilishi 30 wa wadi za kuchaguliwa. Wanapitisha bajeti, wanatunga sheria za kaunti, wanamchunguza gavana na mawaziri wake. Hawashiki hazina. Maji, zahanati, chekechea, masoko, uzoaji taka, barabara za mitaani: hayo ni ya kaunti na anaweza kuyapigania. Feri ya Likoni, bandari na polisi vinaendeshwa na serikali ya kitaifa. Kama anawaambia vijana wa maskani atawapa kazi bandarini, amwogope Mungu. Yeye mwenyewe anajua uchungu wa kuahidiwa bandari. Lakini mwanamume anayelijua bomba la mtaa wake linakatikia wapi, huyo ana la kusema, na la kusema halinunuliwi kwa pesa ya Leeds.

Kuhusu kura yako. Ni kweli Wakenya wa Uingereza walipigia kura huko kwa mara ya kwanza 2022, ila ni kura ya rais peke yake. Ya wadi huwezi kuipiga ukiwa nje. Ni lazima uwe umesajiliwa katika wadi yake na usimame kwenye mstari siku hiyo. Usinunue tiketi kwa ajili ya kura. Nunua kwa ajili ya watoto, likizo yao ya Aprili au ya Desemba, na ukifika usipande jukwaa lolote. Kaa ndani, mpike na binti yako, mvulana akuchoshe. Watakaokuja kumwona Mama Mheshimiwa waambiwe mama yuko na wanawe. Picha yako itoke kwenye mabango, haikuombwa. Na wanaokuandikia wape jibu moja lilelile: nimesikia, Mungu akufanyie wepesi, mambo ya mtaa mpelekee mwenyewe. Utajisikia mwenye roho mbaya siku tatu nne.

Mama yako usibishane naye. Aliyetolewa kwake usiku na watoto mkononi 1997 hazungumzi upuuzi, na vita vile vilikuja katika mwaka wa uchaguzi. Ningependa mumeo avuke feri aende Kisauni akae chini, amsikilize mama mkwe wake akisimulia usiku ule mwanzo hadi mwisho, bila kumjibu. Mtu anayetaka kuwaongoza watu wa Likoni anatakiwa awe ameyasikia hayo kutoka kwa aliyeyapitia. Lakini talaka haijafika. Akikataa kusikia la sebule, au muuzaji akae mwezi mwingine bila simu yake, itisha wazee: mmoja wa kwao na mmoja wa kwenu, kama aya ya 35 ya sura ileile inavyoelekeza, wakae nao kabla jambo halijafika kwa kadhi. Nani wa kwenu? Simtaji mama yako; hofu yake ni kubwa mno kwa kazi hiyo. Tafuta mjomba au mtu mzima ambaye mume wako huinuka akimwona.

La mke wa pili siliwezi kukujibu, na hao wanaokutisha nao hawaliwezi. Wapunguze.

Jumapili ukiwa huna zamu, mpigie binti yako kwanza, kabla ya baba yake. Mwambie ulisikia ule ujumbe wake wote, na kwamba chai si kazi yake tena. Kisha mwulize somo gani linamtatiza, ukae naye kwenye simu mpaka amalize.

Bi Somo